Fidia Haisafishi Kisima

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wenye visima na wakaazi, Mombasa, Siku ya Maji Duniani.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma, asalamu aleikum, hamjambo.

Nimewalea wanangu kwa kazi ya visima. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeteremsha kamba, nimepima kina, nimejaza chupa na kuzipeleka maabara. Kati ya visima vyote hivyo kipo kimoja ambacho hakijanitoka moyoni, na naomba nianze nacho.

Nilikuwa bado kijana kazini. Mama mmoja alikuja ofisini akaniambia, "Mwanangu, chai yangu yanuka mafuta ya taa." Nikafuatana naye hadi kwake. Kisima kilichimbwa na baba mkwe wake, na ukuta wa kiwanda ulikuwa umejengwa baadaye, hatua chache tu kutoka pale. Nikavuta ndoo, nikainusa. Kweli. Nikajaza chupa, na majibu ya maabara yakasema yaleyale iliyokwisha kuyasema pua ya yule mama.

Mwenye kiwanda hakubisha sana. Alileta boza la maji mara mbili kwa wiki, na yule mama akapewa bahasha. Miezi miwili hivi, kisha boza likaacha kuja. Kisima kikafunikwa kwa bati, jiwe likawekwa juu. Kiwanda kikaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye nilipita mtaa ule. Mama alikuwa amefariki, bati limeoza, na harufu ingalipo. Mjukuu wake alikuwa mlangoni akimlipa mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, maji ya kupikia.

Mama alilipwa kidogo. Kisima hakikulipwa chochote. Nilichelewa kulielewa jambo hilo, na ndilo lililonileta mbele yenu leo: kumlipa mtu aliyeharibiwa maji ni deni moja, kuyasafisha yale maji ni deni la pili, na hili la pili ndilo ambalo wenye viwanda huondoka bila kulilipa.

Sisi wa pwani tumekaa juu ya sifongo. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu na nyufa, na kinachomwagwa juu hushuka upesi kuliko mtu anavyodhani. Wazee wetu waliujua mwamba huu. Walichimba visima vya misikiti ndani yake, na ukienda kwenye magofu ya Gede leo utaviona visima vya mji ule vingali pale katikati ya msitu, ingawa watu walikwisha kuondoka. Wasomi wengine husema kushuka kwa maji kulichangia kuwahamisha. Na msidhani kwamba mwenye bomba ameepukana na habari hii. Maji ya bomba la Mombasa chanzo chake ni ardhini: chemchemi za Mzima na Marere, visima vya Tiwi, visima vya Baricho kandokando ya Mto Sabaki. Ardhi ikitiwa sumu, bomba halina mahali pengine pa kwenda.

Mto ukichafuka, mvua kubwa moja inaweza kuusukuma uchafu hadi baharini. Chini ya ardhi hakuna mvua ya namna hiyo. Mafuta huelea juu ya maji ya kisima. Dawa nyingine za kuondolea grisi ni nzito kuliko maji, kwa hivyo huzama hadi chini kabisa, hukaa kwenye nyufa, na hutoa sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Metali nyingine hujishika kwenye udongo, kisha hali ya maji ikibadilika zinajiachia. Wahenga walituambia maji yakimwagika hayazoleki. Sumu iliyomwagika huzoleka, ila huzolewa kwa kijiko, na mtu anayeshika kijiko lazima alipwe miaka yote hiyo.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mahali ambapo jambo hili liliandikwa siku kwa siku, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema tumelitunga.

Mwaka 1952 kampuni ya Pacific Gas and Electric ilifungua kituo cha kusukuma gesi katika kijiji cha Hinkley, jangwa la Mojave, jimbo la California. Gesi inaposukumwa hupata joto, hivyo palikuwa na minara ya kupozea, na maji ya minara hiyo yalitiwa kromiamu-6, aina kali ya metali iitwayo kromiamu, ili vyuma visiliwe na kutu. Maji yalipochakaa yalimwagwa kwenye mabwawa ya udongo ambayo chini hayakutandikwa kitu. Mambo yakawa hivyo hadi mwaka 1966. Jumla huhesabiwa kuwa galoni milioni 370, karibu lita bilioni 1.4. Gawanyeni kwa mtungi wetu wa lita 20, mtapata mitungi milioni 70.

Kromiamu-6 ukiivuta kwa pumzi huleta saratani ya mapafu; hilo halibishaniwi. Wanyama wa maabara waliponyweshwa maji yenye sumu hiyo kwa wingi, nao walipata saratani. Watu wa Hinkley waliyanywa, wakapikia, wakawaogesha watoto. Kampuni iliiarifu bodi ya maji ya eneo lile mwezi wa Desemba 1987. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu bwawa la kwanza.

Wengi wenu mmelisikia jina la Erin Brockovich, yule karani wa ofisi ya mawakili aliyepekua mafaili na kubisha nyumba kwa nyumba. Kazi yake na ya mawakili wenzake iliishia mwaka 1996 kwa fidia ya dola milioni 333, kwa wakaazi zaidi ya 600. Wakati ule hapakuwa na fidia ya aina ile iliyowahi kuifikia nchini Marekani. Na hapo ndipo watu wengi huifunga hadithi, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani.

Naomba msiende nyumbani bado. Nataka muone kilichotokea baada ya makofi.

Fedha zililipwa, lakini lile doa la kromiamu lilibaki chini ya ardhi, na likaendelea kutembea. Doa halijui kwamba kesi imekwisha. Kadiri miaka ilivyopita lilipimwa likaonekana limefika kwenye visima ambavyo hapo mwanzo vilihesabiwa kuwa salama. Mwaka 2012, miaka 16 baada ya ile fidia, kampuni ilitozwa dola milioni 3.6 kwa kushindwa kulizuia doa lisienee. Miaka hiyohiyo iliwapa watu maji ya chupa, tena ikajitolea kununua nyumba zao. Watu wakauza. Nyumba zilizonunuliwa zikabomolewa. Mwaka 2013 shule ya kijiji ikafungwa kwa kukosa watoto. Mwaka 2015 bodi ya maji ikatoa amri nyingine ya usafishaji, yenye tarehe na viwango.

Wanasafishaje? Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, na kwa sababu mwenye kiwanda akija kukuambia kwamba maji ya ardhini hayasafishiki, inafaa uwe na la kumjibu. Hinkley wanashusha ethanoli ardhini kupitia visima maalumu. Vijidudu vya udongoni hula ile ethanoli, na katika kula kwao hali ya maji hugeuka, ile kromiamu-6 inakuwa kromiamu-3, ambayo haina ukali ule na hujishika kwenye mchanga. Kwingine wanayavuta maji yenye sumu na kumwagilia mashamba ya alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe, na udongo wenye mizizi unafanya kazi hiyohiyo. Inawezekana, basi. Lakini ile ethanoli inapofanya kazi yake huweza pia kuamsha manganizi na aseniki zilizokuwa zimelala kwenye mchanga, kwa hiyo kila hatua lazima ipimwe. Panahitajika visima vya upimaji kwa mamia, watu wa kuvizungukia, maabara, umeme, mwaka baada ya mwaka. Kituo kilifunguliwa 1952, na watu wangali wanasafisha hadi leo.

Sasa niulizeni: kama kampuni ile ingekuwa imevunjwa, imeuzwa, au mwenyewe ameondoka nchini, nani angelipa umeme wa pampu hizo?

Marekani walilazimika kujiuliza swali hilo mapema. Karibu na maporomoko ya Niagara, kampuni ya Hooker Chemical ilizika takriban tani 21,000 za taka za kemikali kwenye mfereji wa zamani uitwao Love Canal, kisha mwaka 1953 ikaikabidhi ardhi ile kwa bodi ya shule kwa bei ya dola moja. Dola moja, na kwenye hati wakaandika kwamba wao hawatahusika na madhara yatakayotokea. Shule ikajengwa. Nyumba zikajengwa. Mwaka 1978 sumu zilipokuwa zimeingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba, serikali ilianza kuwahamisha watu.

Kutokana na msiba ule Marekani ilipitisha mwaka 1980 sheria inayojulikana kwa jina la Superfund. Ndani yake kuna mambo mawili ninayoyatamani kwetu. La kwanza, aliyetupa sumu anawajibika kusafisha hata kama alipoitupa hakuvunja sheria yoyote ya siku ile, na hata kama ardhi ameshaiuza. Ile dola moja ya Love Canal haiwezi tena kumfichia mtu. La pili, viwanda vya kemikali na mafuta vilitozwa ushuru wa kuwekwa kwenye mfuko, ili mahali ambapo mhusika amepotea, kazi isilale. Ushuru ule uliachwa ukafa mwaka 1995, na kwa miaka mingi mzigo ukawaelemea walipa kodi wa kawaida, hadi ulipoanza kurudishwa kwa sheria za mwaka 2021 na 2022. Hata kwa wenye uwezo, basi, wenye viwanda hawachoki kujitua mzigo.

Uingereza mambo yalikwenda vingine, na kesi yao inatuhusu kwa damu, kwa kuwa sheria yetu ilizaliwa huko. Katika kijiji cha Sawston, karibu na Cambridge, palikuwa na kiwanda cha ngozi. Kwa miaka mingi wafanyakazi walimwaga kidogo kidogo sakafuni dawa iitwayo pakloroethilini, ileile wanayoitumia madobi wanaosafisha nguo bila maji. Ikapenya sakafu, ikazama, ikasafiri zaidi ya kilomita mbili chini ya ardhi hadi kwenye kisima cha kampuni ya maji kilichokuwa kikihudumia watu. Kisima kikaachwa. Kampuni ya maji ikashtaki, na mwezi wa Desemba 1993 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama yao ya juu kabisa, likaamua kwamba kiwanda hakidaiwi, kwa sababu wakati wa kumwaga hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angeweza kuona mbele kwamba madhara yale yangetokea.

Niliisikia kesi hii kwa rafiki yangu wakili, nikakosa usingizi. Mumwage, mzamishe, msafirishe kilomita mbili, kisha mseme hamkujua. Rafiki yangu akaniliwaza. Sheria ya Kenya, akasema, ilichukua misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Na mwaka 1868 majaji wa huko walikuwa wamekwisha kuamua, katika kesi ya bwawa lililovujia mgodi wa jirani, kwamba mtu akileta kwenye ardhi yake kitu chenye kudhuru kikitoroka, kikatoroka, yeye ndiye mlipaji. Uamuzi wa Sawston ni wa juzi. Majaji wetu wanaweza kuusoma, haujawafunga mikono. Isitoshe, leo hakuna mwenye kiwanda anayeweza kusimama mbele ya mahakama akasema hakujua kwamba kemikali hushuka chini. Miaka imepita, vitabu vimeandikwa, na mimi mwenyewe nimewaambia kadhaa wao uso kwa uso.

Turudi nyumbani. Owino Uhuru, hapahapa Mombasa, hamhitaji kusimuliwa. Wengine mko hapa mkiwa na watoto waliozaliwa pale. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa kijiji cha watu kama 3,000. Moshi ukashuka juu ya mabati, maji ya kiwanda yakapenya hadi vichochoroni, na damu za watoto zikakutwa na madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi palepale. Aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana sumu ile, naye hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilitoa hukumu.

Wengi waliisoma hukumu ile kwa tarakimu moja, shilingi bilioni 1.3 za fidia. Mimi niliisoma kwa tarakimu ya pili. Jaji aliagiza udongo na maji visafishwe na taka ziondolewe katika muda wa miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kufanyia kazi hiyo. Mafungu mawili. Deni la watu mbali, deni la ardhi mbali. Tena hawakuwajibishwa wenye kiwanda peke yao. Asasi za serikali zilizopaswa kulinda zikabebeshwa sehemu yao. Kesi ile iliendelea na safari yake katika mahakama za rufaa, na nasikitika kwa kila mwaka ulioongezeka juu ya vichwa vya watu wale. Lakini jinsi jaji alivyoyatenga yale madeni mawili, hivyo ndivyo kila shauri la maji liandikwe kuanzia leo. Mkienda kwa wakili, mwambieni: tunataka haki yetu, na kisima nacho kina haki yake.

Katiba ya mwaka 2010 inawapa nguvu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani kuilinda haki hiyo, na huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Maana yake husubiri mtoto augue. Chai ikianza kunuka, inatosha.

Na fedha za kusafisha? Watu wengi hawajui kwamba sheria ya mazingira ilipopitishwa mwaka 1999 iliweka katika kifungu cha 28 daftari la viwanda vyenye hatari, na uwezo wa kuwataka wenyewe waweke dhamana ya fedha kabla ya lolote kutokea. Mwenye nyumba anapokupangisha chumba huchukua amana ya mwezi, asije akaachiwa mlango umevunjika. Sheria yetu inamruhusu mlinzi wa ardhi afanye hivyohivyo. Nilipokisoma kifungu nilifurahi, kisha nikafika mahali kinaposema dhamana itarudishwa ndani ya muda usiozidi miezi 24 kwa mwenye mwenendo mzuri. Miezi 24! Sumu inaweza kuwa bado haijatoka nje ya ukuta wa kiwanda. Dhamana ya maji ya ardhini lazima ikae muda wote kiwanda kinapofanya kazi, na miaka mingi baada ya lango kufungwa, hadi visima vya upimaji viseme vyenyewe kwamba maji yamerudi kuwa yalivyokuwa.

Kuwa yalivyokuwa. Maneno hayo mepesi yaliwatesa watu wa Hinkley kuliko mnavyodhani. Miamba ya kule ina kromiamu kidogo ya asili, na kampuni ilipodaiwa kusafisha, bishano likahamia hapo: kiasi gani ni cha Mungu, kiasi gani ni cha kampuni? Utafiti wa mwaka 2007 ulitoa kiwango, wakaazi wakakikataa, ukaitishwa mwingine, na huo ulikuja kutolewa mwaka 2023. Miaka yote hiyo kwa sababu hakuna aliyepima visima kabla ya mabwawa kujazwa. Kwetu watatuambia vivyo hivyo. Watasema chumvi ilikuwapo, nitrati ni za vyoo vyenu, mafuta ni ya gereji ya jirani. Na baadhi ya maneno hayo yatakuwa kweli, ndiyo maana yatatushinda tusipokuwa na maandishi.

Kwa hiyo sikuja mikono mitupu. Hapo mezani kuna daftari na chupa 40 safi zenye vifuniko. Wenye visima vilivyo karibu na ukuta wa kiwanda chochote, gereji kubwa, au shimo la taka, naomba mbaki. Tutaandika mahali kisima kilipo, kina chake, aliyekichimba, mwaka, na ladha ya maji kama mnavyoijua wenyewe. Kesho asubuhi vijana wawili watapita kujaza chupa; kila chupa itafungwa mbele ya mwenye kisima, naye atatia sahihi. Majibu yatakuja kwa nakala mbili, moja yenu. Na Jumatatu wale wanaoweza tufuatane kwenye ofisi ya mazingira, tuombe kuliona lile daftari la viwanda na tuulize, kwa kila jina lililomo, dhamana yake ni shilingi ngapi na inashikwa na nani.

Mama uliye pale mbele mwenye leso ya kijani, nimekuona umeinua mkono tangu zamani. Tuanze na kisima chako.